Dada Sidi, Miguu ya Mbeyu Imegeuka Tena

Dada yangu Sidi,

Juma lililopita nilikwenda Ganze kumwona mwanao, na tangu nirudi sijaweza kukaa na watu. Mama ananiuliza, "Mbeyu hajambo?" Namjibu, "Hajambo," kisha natoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Mama amezeeka. Siku hizi akisikia habari nzito hukaa kitako chini pale pale alipo, na kumwinua ni kazi. Kwa hiyo nakuambia wewe, ingawa najua uliko barua haifiki.

Miguu ya Mbeyu imegeuka tena, yote miwili. Nalisema mapema nisije nikazunguka na maneno mpaka nikakosa ujasiri.

Unakumbuka siku aliyozaliwa, pale zahanati? Mimi nilikuwa nje kwenye benchi na chupa ya chai. Muuguzi aliponiita ndani nilikukuta umemlaza kifuani, umemfunika leso mpaka shingoni, na uso wako hauna furaha wala huzuni, umesimama tu. Uliifunua ile leso polepole ukanionyesha. Nyayo zake zilikuwa zimejikunja kwa ndani, zinatazamana kama viganja vya mtu anayeomba.

"Kadzo," uliniuliza, "nimefanya nini mimi?"

Muuguzi ndiye aliyekujibu. "Hukufanya kitu, mama. Wengine huzaliwa hivi. Huitwa mguu kifundo, na ukianza mapema unatibika. Lakini usimpeleke kwa watu wa kukanda. Mpeleke Malindi."

Karisa alifika jioni kutoka kwenye mashamba ya chumvi, suruali imekunjwa magotini, miguu yake myeupe kwa chumvi iliyomkaukia. Alizishika zile nyayo mbili katika kiganja kimoja, zikaenea. Halafu akasema, "Ataitwa Mbeyu, jina la mama yangu," akakurudishia mtoto kwa mikono miwili, kama mtu anayepokeza bakuli lililojaa. Nilimpenda shemeji yangu siku ile. Nataka ujue kwamba sijalisahau hilo, hata kwa haya nitakayokueleza.

Basi zikaanza Jumatatu zetu. Wewe ulitoka Gongoni na mtoto mgongoni, bodaboda mpaka barabarani, kisha gari la Malindi. Mimi nilikuwa naomba ruhusa kule nyumba ya wageni ninakofua mashuka, nakuja mbio kukukuta kwenye benchi la kliniki ya miguu. Asubuhi yake ulikuwa umekwisha kuiloweka plasta ya zamani kwenye beseni la maji na siki, ukaibandua kidogo kidogo kwa vidole, kwa sababu hukutaka msumeno umkaribie mwanao. Kucha zako zilikuwa nyeupe siku nzima.

Yule daktari mrefu mwenye sauti ya chini alikuwa akisema, "Mama amnyonyeshe, sisi tufanye kazi." Ulinyonyesha, naye akaushika mguu, akauvuta taratibu kuelekea nje, akaushikilia hapo, na mwenzake akauviringishia plasta kutoka vidoleni mpaka pajani. Mbeyu alikuwa akilala kabla hawajamaliza. Kila Jumatatu mguu ulisogea kidogo. Wewe uliona kabla yangu. Ulinikanyaga kwa siri chini ya benchi ukaninong'oneza, "Tazama kidole gumba, leo kinaangalia mlango."

Siku ya kukata kano ya kisigino hukuweza kutazama. Ulinikabidhi mtoto ukaenda kusimama uani, na nilikuona dirishani umeziba masikio, ingawa hakukuwa na kelele yoyote. Ilikuwa kijisu kidogo na tone la damu. Nilimpa kidole changu akanyonya. Uliporudi ulimpokea ukamnusa kichwani, ukaniambia, "Wewe ni mama yake pia sasa. Umeshuhudia damu yake." Maneno hayo nilikwenda nayo baadaye mbele ya wazee, na hayakunisaidia kitu.

Plasta zilipokwisha, daktari alituonyesha viatu: vibuti viwili vidogo vilivyoungwa kwa upau wa chuma, ncha zake zimetazama nje. Miezi ya mwanzo avae usiku na mchana. Baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afikishe miaka minne au mitano. Alitutazama mmoja mmoja. "Plasta ilikuwa kazi yangu," alisema. "Viatu ni kazi yenu. Mkiviacha, mguu unakumbuka ulikotoka."

Na wewe hukuviacha. Joto lile la Gongoni, mtoto analia, anapigapiga chuma ukutani, na majirani wanapita mlangoni wakisema unamfunga mtoto kama mbuzi. Nilikuwepo siku mmoja wao alipoinama kumfungua. Ulimshika mkono kwa adabu ukamwambia, "Mwache, dada. Bora anichukie mimi kuliko aje kuichukia miguu yake." Ulimweka juu ya paja lako, ukamfundisha kupiga miguu yote miwili kwa pamoja kama anaogelea, mpaka kilio kikageuka kuwa mchezo.

Halafu akatembea. Ilikuwa Jumapili, nimekuja na samaki wa kukaanga. Alijitoa mikononi mwako, akakata uwanja mpaka kwa baba yake, nyayo zimelala chini bapa, visigino vinagusa. Ardhi ya kwenu ina vumbi jeupe linaloshika alama. Hukumtazama mtoto, uliinama ukatazama nyuma yake, ukawaita wale wale majirani: "Njooni mtazame nyayo." Wakaja. Walisimama wakazitazama zile alama ndogo, na yule aliyetaka kumfungua alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Karisa alicheka mpaka akaketi. Siku ile sikuona mtu yeyote aliyekuwa na shida duniani.

Kisha ukaondoka. Mimba ya pili, damu, gari lililochelewa. Sitaki kuyasimulia hayo, wewe ndiwe uliyepita humo. Karisa alikuzika Gongoni, kwenye kiwanja chenu, na Mbeyu alikuwa amepitisha miaka miwili, anazunguka katikati ya wafiwa akiwauliza kila mmoja kama amekuona.

Matanga yalipokwisha, wazee wa Karisa waliketi na sisi. Niliomba nibaki na mtoto. Nilisema mimi sina mume wala mtoto, nyumba ipo, Mama yupo, na kliniki iko karibu. Nikawaambia na yale uliyoniambia siku ya kisu. Walinisikiliza vizuri, hawakunikatiza. Halafu baba mdogo wa Karisa akasema, "Binti yetu, tumekuelewa. Lakini mtoto ana kwao." Na mama mkwe wako, ambaye machozi hayakuwa yamemkauka, akaongeza, "Ana jina langu. Nani atamlea kama si mimi?" Karisa aliinamisha kichwa tu. Nilimfungasha mtoto nguo zake. Viatu niliviweka juu kabisa, nikamwonyesha bibi yake namna ya kukaza mikanda, kisigino kiingie mpaka mwisho. Alifuata kwa makini. Alirudia mwenyewe mbele yangu, na hakukosea.

Nilipokwenda Ganze kwa bibi yake mara ya kwanza, viatu vilikuwa vimening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango, vina vumbi.

"Miguu imenyooka, mwanangu," mama mkwe wako aliniambia, na hakuniambia kwa ubaya. "Tazama anavyokimbia. Nimfungie nini?"

Nilimweleza tena. Aliniacha nimalize, kisha akanionyesha njia inayoteremka mpaka kwenye bwawa. "Mimi huamka alfajiri kufuata maji, hapa kuna mbali. Namwacha amelala. Sasa nimwache amefungwa miguu, na moto ukishika makuti, atatoka vipi?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta miaka hii yote, Dada. Wewe ungelipata, au ungembeba pamoja na chuma chake mpaka bwawani. Lakini yule ni mama wa watu, mgongo umepinda, na juu ya kichwa ana ndoo.

Nilimpelekea viatu vingine vikubwa zaidi, kisha vingine. Kila nikienda nilivikuta vipya. Mwaka uliofuata nikaona visigino vimeanza kuinuka. Halafu mguu wa kulia ukaanza kuchungulia ndani anapochoka, kisha hata asipochoka. Nilimwambia Karisa, akanijibu kwamba watoto wote hutembea ovyo. Nikamwambia tena. Akaacha kupokea simu yangu.

Mwaka huu Mbeyu ameanza shule. Shule iko mbali, njia ni ya mawe na miiba, naye sasa anatembea kwa pembe za nje za miguu, unyayo haugusi chini. Pale panapogusa pameota sugu nene, na ndani ya sugu la kulia palitoka kidonda. Alikuwa akifika wenzake wamekwisha kuingia darasani. Baadaye akawa hafiki. Mama mkwe wako mwenyewe alinipigia simu, akitumia simu ya jirani. Alisema, "Kadzo, njoo umchukue umpeleke kule kwenu. Mimi nimeona sasa." Alikuwa akilia, nami nililia upande wangu, nikidhani ni kilio cha kufika mwisho.

Nilimpeleka Malindi. Yule daktari bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe. Alimketisha Mbeyu kitandani, akamshika mguu kwa mikono miwili kama zamani, akajaribu kuuleta nje. Haukuja. Aliniuliza, "Mama yake yuko wapi?" Nilipomwambia, aliendelea kuukandakanda mguu kwa kidole gumba, hana haraka.

Alisema bado haijachelewa, ila inachelewa. Mifupa inakomaa kwa umbo hilo baya. Tuanze plasta upya, na baada yake upasuaji wa kuhamisha kano moja iende upande wa pili wa mguu, iuvute nje. Mtoto akae karibu na hospitali muda mrefu. Na kwa upasuaji, baba lazima akubali.

Nilimpigia Karisa kwa simu ya hospitali. Alikuja siku ile ile, na chumvi yake kwenye suruali. Alimwamkia daktari kwa heshima, akaketi, akasikiliza yote mpaka mwisho. Mbeyu alikuwa amemwegemea gotini.

"Utaniahidi kwamba itapona?" Karisa aliuliza.

"Siwezi kukuahidi," daktari alisema. "Wengi hupona. Wengine mguu hurudi tena. Naweza kukuahidi kwamba usipotibiwa utazidi."

Karisa aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. "Ahsante, daktari," akasema. Akainuka, akamkalisha mtoto mabegani, akatoka.

Nilimkimbilia mpaka langoni. Nilimshika shati. Sikuwa nimepata kumshika shemeji yangu shati, na watu walikuwa wakitutazama.

"Karisa, wapi unampeleka?"

"Nyumbani."

"Sidi angekuwa hai usingethubutu."

Alisimama. Alimteremsha Mbeyu, akamwambia akatazame kuku waliokuwa ng'ambo ya barabara, na alipokwisha kusogea akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Sidi angekuwa hai kama si hii kliniki yenu. Alikuwa na mimba, shemeji. Nilimwambia apumzike. Akasema lazima mtoto akapimwe viatu. Akapanda pikipiki kwenye lile vumbi, kwenda na kurudi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano akaanza kutoka damu."

Nilimwambia haikuwa hivyo. Nilimwambia walichotuambia kwenye wodi ya wazazi, kwamba kondo la nyuma lilikaa vibaya, kwamba lingetoka damu hata ungelala kitandani miezi yote tisa.

"Labda," alisema. "Wewe unaweza kulala na hiyo labda. Mimi siwezi. Mke wangu alikufa kwa ajili ya miguu hii. Sasa mtoto naye wamkate, kisha irudi tena? Hapana. Atembee hivyo hivyo. Atakuwa hai."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nguvu. Alinitazama kwa macho ya mtu ambaye amelibeba jambo hili peke yake tangu siku tulipokuzika, na hakuna aliyewahi kumuuliza limemkaa wapi. Alimwita mtoto, wakaenda. Mbeyu alinipungia mkono. Alidhani atarudi kesho.

Nimejaribu, Dada. Nilimtuma mchungaji wao, akarudi akaniambia tumuombee. Nilikwenda kwenye ofisi inayohusika na mambo ya watoto, nikakaa foleni na wanawake wenye watoto waliopigwa na waliochomwa. Mama yule wa ofisini alinisikiliza kwa huruma. Aliniuliza kama mtoto anakula, nikasema anakula. Kama anapigwa, nikasema hapigwi, anapendwa. Akaiweka kalamu chini. "Nitalifuatilia," alisema, "lakini nisikufiche, dada. Baba yupo, na anampenda. Jambo kama hili huanza na kwisha nyumbani." Nje kulikuwa na wengine wanasubiri. Nilimpisha aliyekuwa nyuma yangu.

Kuna wakati nafikiri kumwiba. Nawaza nimchukue asubuhi moja, niende naye Mombasa ambako hakuna anayetujua. Kisha nakumbuka kwamba kisu hakitamgusa bila baba yake, na plasta peke yake haitoshi sasa. Nitamwiba nimpeleke wapi? Na mama mkwe wako, ambaye hana mwingine wa kumwita usiku akiumwa, nitamwambia nini? Nageuza hivi, nageuza vile, na kila mlango ninaousukuma, nyuma yake yupo mtu anayempenda Mbeyu.

Nikifua mashuka naona watoto wa wageni wakipita pwani, nami sitazami nyuso zao. Natazama visigino. Nimekuwa mtu wa kutazama visigino vya watoto wa wenzangu. Yule daktari nilimwona tena sokoni, akaniuliza kwa macho tu. Nilitikisa kichwa, naye akanunua nyanya zake akaenda.

Sasa nikueleze la Ganze, ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Nilimkuta Mbeyu peke yake nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, amenyoosha miguu mbele. Shule amekwisha kuacha. Nilimwosha kile kidonda kwa maji ya chumvi nikakifunga kitambaa, naye hakulia. Amezoea. Ana paji lako la uso, na ana ile tabia yako ya kunyamaza kwanza kabla ya kuuliza jambo. Bibi yake alikuwa hajarudi na maji.

"Mama mdogo," aliniuliza, "mama yangu alikuwa na miguu kama hii?"

"Hapana," nilimwambia. "Yeye miguu yake ilikuwa imenyooka."

"Na alinionaga mimi?"

"Alikuona. Alikubeba kila mahali. Ulipotembea mara ya kwanza alikuwepo."

"Nilikuwa natembea vipi?"

"Vizuri," nilisema. "Kama watoto wote."

Aliifikiria sana habari hiyo. Kumbe bibi yake humwambia kwamba umesafiri. Sikujua, na ningelijua nisingefika hapo. Mbeyu aliivuta miguu yake, akaificha chini ya rinda, akaifunika vizuri kila upande.

"Basi akirudi," akasema, "hatanijua."

Dada, nilikaa naye pale mpaka bibi yake akarudi, na sikupata neno la kumwambia mwanao. Nimekuandikia nikifikiri labda nitalipata nikiwa nazungumza na wewe. Sijalipata. Pumzika huko uliko, kama wanapumzika. Mimi huku sina la kukuletea.

Mdogo wako,
Kadzo